Naivasha: Samaki wa Alfajiri na Ahadi ya Saa Nne

Msafiri atokaye Uganda kwa njia ya Malaba hupanda kwanza hadi Eldoret, hukatiza baridi ya Timboroa, huteremka Nakuru, kisha huliacha Ziwa Elementaita upande wa kulia na kuupita Gilgil, mji wa kambi za jeshi. Baada ya hapo bonde hufunguka, na Ziwa Naivasha huonekana limetandaa chini ya Mlima Longonot, ambao kwa kimo chake cha mita 2,776 umesimama kando kama mlinzi aliyesahauliwa kupokewa zamu. Aonaye ziwa hilo asubuhi hawezi kuziamini habari za jina lake. Wamasai waliliita Nai'posha, yaani maji yanayochafuka, na wakaao kandokando yake hawajapata sababu ya kulikana jina hilo. Kuanzia alfajiri hadi kama saa nne maji hutulia, hata furukombe akiruka huonekana mara mbili, juu na chini. Lakini ikikaribia adhuhuri, aghalabu upepo huamka, na kwa kuwa ziwa hili halina kina kirefu, mawimbi hayachelewi kuinuka.

Ratiba hiyo ya ziwa ndiyo iliyokaribia kuiharibu likizo ya sajini mmoja wa polisi kutoka Jinja.

Sajini huyo alizoea kuvua kwa mshipi katika Mto Nile tangu ujana wake. Mkewe ni mwalimu wa shule ya msingi, nao wana watoto wawili, binti wa miaka 12 na mvulana wa miaka 9. Avaaye sare anajua likizo ilivyo: huombwa Januari, hukubaliwa Agosti, na siku ya kuianza huzuka jambo likaahirishwa. Safari hii walikuwa wamepata siku saba kamili. Mume alipoitaja Naivasha, mke hakuuliza habari za malazi wala za mandhari. Aliuliza kama huko kuna samaki. Alipojibiwa kuwa wapo, akasema, tena bila ya kupandisha sauti, "Baba watoto, Serikali ina haki yake juu yako, nami sina ugomvi nayo. Mto nao umejitwalia Jumamosi zako. Sasa sisi tuandikwe zamu ipi?"

Pana nyumba nyingi makambini ambamo swali hilo limewahi kuulizwa, ingawa mahali pa mto huwa pengine ni mpira, pengine bao, pengine chupa. Wala si haki kusema kuwa mvuvi ndiye mkosaji mkubwa kuliko hao. Angalau yeye hurudi na kitoweo. Lakini kitoweo hakikuwa jibu la swali lililoulizwa, na sajini alilijua hilo. Kwa hiyo alijibu kwa masharti, kama mtu aliyezoea kuandika taarifa. Asubuhi zitakuwa mbili tu kati ya siku saba. Kuingia majini ni saa kumi na mbili, na kukanyaga nchi kavu ni saa nne kamili. Baada ya hapo mchana wote ni wa familia, na samaki atakayepatikana atapaliwa magamba na yule aliyemvua. Mke aliyakubali, akaongeza sharti la fedha: visinunuliwe vifaa vipya. Alikuwa na sababu. Mwezi uliotangulia, alipokuwa akilipiga rangi buti la gwaride, alikuta ndani yake vyambo vinne vya bandia, vipya, vimefungwa kwa karatasi ya gazeti.

Samaki aliyemvuta sajini masafa yote hayo si mwenyeji wa Afrika. Kwa Kiingereza huitwa bass, na hapa ataitwa besi. Asili yake ni mito na maziwa ya Amerika ya Kaskazini, naye aliletwa Naivasha mwaka 1929 ili wapenzi wa uvuvi wa ndoana wapate mchezo. Watu wa Uganda hawana haja ya kuelezwa sana jambo hilo, kwa maana nao wanayo hadithi ya sangara aliyepandikizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950. Ziwa Naivasha lenyewe lilikuwa na samaki wachache sana wa asili, kwa hiyo karibu kila kinachoopolewa humo kina habari ya ugeni. Mwaka 1970 aliletwa kamba mwekundu wa maji baridi, ambaye kwao ni kusini mwa Marekani. Basi mla na mliwa, waliojuana tangu kwao, wakakutana tena ugenini, na tangu hapo besi wakubwa wa Naivasha wamekula kamba kuliko chakula kingine chochote. Mwaka 2001 akaonekana kapi, mfukuaji wa matope, na baada ya miaka michache akawa ndiye anayejaza nyavu za wavuvi wa biashara. Besi amepungua, lakini hajaisha.

Lipo jambo jingine lililompa besi maskani mapya. Kwa miaka mingi tangu mwaka 2010 hivi maji ya ziwa yamekuwa yakipanda. Mwaka 2020 yaliingia hata katika nyumba za mtaa wa Kihoto, na watu wakahama wakiwa wamebeba magodoro vichwani. Migunga yenye gome la manjano, ambayo zamani iliwapa kivuli ng'ombe na wapita njia, ikajikuta imesimama majini, ikafa wima. Mtu mgeni hudhani ni msitu uliochomwa moto. Chini ya maji, baina ya mashina hayo makavu, ndiko besi anakojificha.

Kwa maana besi si samaki wa kukimbiza. Yeye huvizia. Hukaa kimya kando ya shina, au chini ya yungiyungi, au katika ukingo wa mafunjo, na kiumbe chochote kidogo kikipita karibu hulipanua lile domo lake kubwa akakivuta ndani pamoja na maji. Atakaye kumpata lazima afikiri kama askari anayemtafuta mviziaji: asitazame uwanja uliowazi, bali atazame mahali ambapo yeye mwenyewe angejificha.

Mzee wa mashua aliyemchukua sajini asubuhi ya kwanza alimwita "Afande" hata kabla ya kuambiwa kazi yake. Bila shaka viatu vilimsaliti. Kibali cha kuvua kilikwisha kupatikana, kama inavyotakiwa, kwa kuulizia kwanza katika ofisi ya uvuvi, kwani huweza kuwapo miezi ambayo uvuvi husimamishwa. Mzee alimvisha jaketi la kujiokolea, akalikaza mwenyewe kifuani mwake kama anayemvika mtoto, kisha wakaondoka katika baridi kali. Ikumbukwe kuwa ziwa hilo liko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa Jinja asiyechukua sweta hujuta.

Wakiwa bado mbali na miti iliyozama, mzee aliizima injini na kuendelea kwa kasia. Sauti ya injini, alieleza, haimfukuzi samaki tu. Humwamsha hata kiboko, ambaye alfajiri huwa ndiyo kwanza anarejea majini kutoka malishoni, naye hapendi kukuta chombo kimezuia njia yake. Ndiyo sababu hakuna mtu mwenye akili anayevua Naivasha kwa kusimama ukingoni penye majani marefu.

Sajini alirusha chambo chake cha kwanza moja kwa moja kwenye shina la mti. Mzee akatikisa kichwa. Chambo, alisema, hurushwa kupita shina, kikavutwa taratibu kuambaa ubavuni mwake, kisha kikaachwa kizame chenyewe. Besi wengi hukichukua wakati kinapozama, si wakati kinapovutwa, na mvuvi hapati mvuto wowote mkononi. Huona tu mshipi umelegea ghafula, au umesogea upande bila ya sababu. Hapo ndipo pa kuukaza. Kwa mkono uliozoea sangara, samaki avutaye kama ng'ombe aliyekata kamba, jambo hilo ni gumu mno. Mara tatu sajini aliuona mshipi ukisogea akidhani ni upepo, na mara tatu besi akakitema chambo.

Kuhusu chambo chenyewe, mzee aliviacha vile vya zambarau vilivyotoka katika buti la gwaride, akachagua kimoja cha rangi ya kahawia yenye wekundu, kinachofanana na kamba. Hicho hakivutwi mfululizo. Huachwa kifike chini, kikarushwa kidogo kwa ncha ya ufito, kikatulia, kikarushwa tena, kwa maana kamba akitishwa hukimbia kinyumenyume kwa kupiga mkia, kisha husimama kupumzika. Na mahali ambapo Mto Malewa umemwaga matope baada ya mvua pasipotezewe wakati, kwani besi huwinda zaidi kwa macho.

Samaki wa kwanza aliruka juu ya maji mara mbili huku akitikisa kichwa. Huo ndio mchezo unaowafanya watu wazima wasahau umri wao, na ndio wakati ambao wengi hupotewa, kwa sababu wakimwona ameruka huduwaa na mshipi ukalegea. Sajini hakuduwaa. Alimleta ubavuni mwa mashua, na mzee akamwonyesha kumshika mdomo wa chini kwa kidole gumba, kwani meno ya besi ni madogo, hukwaruza kama msasa wala hayakati.

Wa pili alipatikana kwa namna nyingine. Alikuwa katika maji mafupi yenye mchanga, juu ya duara jeupe lililosafishwa, naye alikipiga chambo kwa hasira, akakitema, akakirudia tena. Alipopandishwa, mzee aliomba arudishwe majini upesi. Huyo alikuwa dume mwenye kiota. Kwa samaki hao, jike akishataga huenda zake, na dume hubaki akiyalinda mayai na hatimaye vifaranga. Hali chambo kwa njaa, hukipiga kwa kuwa kimeingia katika lindo lake. Akichukuliwa, samaki wadogo huyamaliza mayai yale kwa muda mfupi. "Huyo yuko kazini, Afande," alisema mzee. Sajini akamwachilia, akacheka sana.

Kufikia saa tatu na nusu alikuwa na besi wawili wa kadiri ndani ya ndoo, na jua lilikwisha anza kuchoma. Mzee aliugeuza uso wa mashua. Wakati huohuo, nyuma ya shina nene lililopinda, maji yalifunguka na kufumba kwa sauti nzito kama ya jiwe lililotumbukizwa. Sajini aliomba dakika kumi. Dakika kumi zikawa saa nzima. Samaki yule alikifuata chambo mara mbili, akaonekana ubavu wake wa kijani uliokolea na ule mstari mweusi, kisha akarudi kivulini. Mzee alisema mara moja tu, "Afande, ziwa hili lina saa zake." Mwenye kulipia mashua akasema wangoje kidogo.

Upepo ulifika kabla ya saa saba. Haukutanguliwa na wingu lolote. Maji yaliyokuwa kama kioo yaliparara kwanza, yakageuka rangi ya risasi, kisha yakaanza kugonga ubavu wa mashua kwa mpigo mfupi wa haraka. Kuvuka kwenda ng'ambo ya kusini, ambako familia ilikuwa ikingoja, kulikuwa ni kuipeleka mashua ubavu wazi mbele ya mawimbi. Mzee hakujaribu. Aliingiza chombo nyuma ya ukuta wa mafunjo, akakifunga kwa kamba, nao wakakaa hapo huku viboko wakikoroma mahali wasipoonekana. Simu ya sajini ilikuwa imelowa na kuzimika. Waliokaa kimya katika lindo baya wanajua urefu wa saa mbili za namna hiyo.

Mkewe alingoja hadi saa nne na nusu. Ziwa lilikuwa limetulia bado, hakukuwa na jambo la kuogofya, na mapatano yalikuwa ni saa nne. Basi alikodi baiskeli tatu, akaenda na watoto Hell's Gate, hifadhi iliyofunguliwa mwaka 1984, ambayo sifa yake kubwa kwa watoto ni kuwa mtu huruhusiwa kupita kwa miguu au kwa baiskeli katikati ya pundamilia na twiga. Binti alikuwa amelisubiri korongo la Ol Njorowa mwezi mzima. Alilisoma shuleni, na alitaka kuona jinsi maji yalivyouchonga mwamba, na mvuke wa Olkaria unaozalisha umeme tangu mwaka 1981. Walilipita lile jabali lililosimama peke yake liitwalo Fischer's Tower, wakiwahesabu ngiri. Lakini kabla hawajalifikia korongo, vumbi liliinuka njiani likazunguka mbele yao. Mama alisimamisha baiskeli. Alitazama upande wa ziwa, ambalo halionekani kutoka huko, akajaribu simu mara nne. Kisha akawageuza watoto. Binti hakuuliza kitu.

Sajini alifika pwani saa tisa na kukuta hakuna mtu. Mwenye banda la chai alimweleza kuwa mama na watoto walikwenda mbugani. Alikuwa bado anatafuta la kusema alipowaona wakija, wamejaa vumbi hadi kwenye kope. Mkewe alishuka bila ya kuiegemeza baiskeli; ikaanguka. "Watoto nimewahesabu mara tatu njiani," alisema. "Wewe sikuwa na njia ya kukuhesabu." Hakuongeza neno, akaenda kunawa uso.

Jioni samaki wale wawili walipaliwa magamba na aliyewavua, chini ya taa ya nje, bila ya msaada. Besi ana nyama nyeupe iliyoshikamana, na miiba yake si midogo ya kusumbua watoto. Aliyekaa katika majani mengi huwa na harufu kidogo ya tope. Hupunguzwa kwa kuyaondoa matamvua na ule utando mweusi wa tumboni, kisha kumpaka ndimu na chumvi kwa muda wa nusu saa. Mama alimkata vipande, akavikausha kwa kitambaa safi ili mafuta yasiruke, akavikaanga mpaka vikawa vya rangi ya dhahabu, halafu akavilaza katika rojo la nyanya na vitunguu lililokwisha iva. Kuvichemsha zaidi ya hapo ni kuvivunja. Waliliwa kwa ugali na sukuma wiki. Mvulana aliomba kichwa.

Watoto walipolala, sajini alisema kuwa asubuhi ya pili ameisamehe. Ufito utafungwa mpaka Jinja. Pengine alitarajia kushukuriwa. Mkewe alikataa. Alisema kuwa anamjua: atajinyima leo, na mwezi ujao, siku wakikosana kwa jambo jingine kabisa, atamkumbushia samaki wa Naivasha. Hakuwa na chuki na mto, wala na ziwa. Alichotaka ni kwamba ikitajwa saa, iwe saa, kama vile isingekuwa rahisi kwa mumewe kufika gwaride saa tano akaeleza kuwa alimwona samaki mkubwa. "Utakwenda," alisema, "nasi tutapanda chomboni pamoja nawe."

Asubuhi iliyofuata mashua ilikuwa na majaketi matano. Mzee wa mashua alimwamkia mama kwa heshima nyingi, akampa nafasi ya mbele, na walipoyapita maji mafupi yenye mchanga akamwonyesha yule dume, ambaye alikuwa bado juu ya kiota chake. Mama alimtazama kwa muda mrefu, kisha akamtazama mumewe, na wote watatu wakacheka, huku watoto wakiuliza kuna nini.

Binti alikabidhiwa saa ya baba yake. Mvulana alifundishwa kurusha, akanasa yungiyungi mbili na kofia ya mzee. Mama alijaribu mara chache, akasema mikono inamuuma, lakini ufito hakuuachia; na ndiye aliyepata besi wa kwanza wa siku hiyo, mdogo, aliyerudishwa majini. Saa nne kasorobo walikuwa kando ya shina lililopinda. Chambo kilizama. Mshipi ukasogea upande, taratibu, kama unaovutwa na mtu aliye kwenye ndoto. Sajini aliukaza, na ufito ukapinda hadi majini. Samaki aliruka mara moja, mkubwa kuliko walivyodhani, akatikisa kichwa, akaikung'uta ndoana, akatoweka. Hakuna aliyesema neno. Miduara juu ya maji ilikuwa bado haijafutika.

"Saa nne kasoro dakika tano," alisema binti.

Sajini alizungusha mshipi wote, akaifunga ndoana katika pete ya ufito, akampa mzee ishara. Nyuma yao, walipokuwa wameipita miti, kitu kizito kilipiga maji tena. Mvulana akageuka, baba yake hakugeuka. Saa sita mchana wote wanne walikuwa chini kabisa katika korongo la Ol Njorowa, pamoja na kiongozi wa njia, wakizigusa kuta za mwamba zilizolainishwa na maji. Upepo ulipoanza kuvuma juu ya majabali, binti alitazama saa, akaingiza mkono wake katika mkono wa baba.